Mhariri ataka nimwoze Zuhura ndipo riwaya ichapwe

Shangazi, salaam nyingi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Mombasa. Mchana nafanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha, kuingiza hati za makontena. Usiku naandika. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikituma hadithi za mfululizo katika kikundi cha WhatsApp, kila Jumatano na Jumamosi. Msomaji hulipa shilingi 100 kwa mwezi kwa M-Pesa, na mwezi ukiwa mzuri napata kama shilingi 12,000. Si nyingi, lakini zimelipa karo ya mdogo wangu wa mwisho na zimenifanya nijione mwandishi.

Kando ya hadithi hizo nilikuwa na kazi nyingine ambayo sikumtumia mtu. Ni riwaya kuhusu Zuhura, msichana wa Kibokoni aliyekwenda Jeddah kufanya kazi za nyumbani, akarudi na mimba. Hasemi ni ya nani. Nyumba nzima yataka jibu, mtaa mzima wataka jibu, na mtu pekee asiyemuuliza ni bibi yake. Mwishoni Zuhura anapanda ndege kurudi Arabuni, mtoto anabaki. Baba wa mtoto hatajwi kabisa, hata kwenye ukurasa wa mwisho. Nilikusudia iwe hivyo.

Huyo bibi nimemtoa kwa marehemu bibi yangu mzaa mama, aliyenilea tangu nikiwa darasa la kwanza. Anasema Kimvita kitupu, Kiswahili chetu cha Mombasa, kama alivyosema yeye: ndoo (njoo), mato (macho), mtana (mchana), ndia (njia) ya mwongo ni fupi. Sura nne za mwanzo ni zake peke yake, maisha yake kabla Zuhura hajazaliwa. Nilipoziandika nilikuwa nikimsikia. Usiku mwingine nililazimika kuacha kwanza nilie.

Nilipeleka mswada kwa mchapishaji mmoja wa Nairobi. Miezi ikapita kimya, nikajua umetupwa. Juzi ikaja barua pepe kwamba wameupenda. Nilipiga kigelegele ofisini, watu wakatoka vyumbani kuuliza kuna nini. Jioni nikafungua faili lenyewe, furaha ikaniishia.

Mhariri, mama mmoja ambaye sijawahi kumwona, amejaza maandishi kila ukurasa. Anataka sura nne za bibi ziwe moja. Anataka bibi aseme Kiswahili sanifu "ili mwanafunzi wa Kisii na wa Lodwar naye aelewe". Anataka nieleze mimba ilipatikanaje: ama Zuhura awe amenajisiwa na tajiri wake, ama aolewe kabla ya mwisho, kwa sababu kama ilivyo, anasema, "taasisi ya mitaala haitaipitisha". Anataka Zuhura asirudi Arabuni bali abaki afungue biashara. Na katika sura ya sita, pambizoni, ameandika: "Hii ni simulizi ya WhatsApp, bado si riwaya." Shangazi, neno hilo limenikaa kooni. Yeye ana shahada zake. Mimi niliishia kidato cha nne.

Pamoja na hayo wameniletea mkataba wa kurasa tisa. Mrabaha, yaani fungu langu la mauzo, ni asilimia 10 ya mapato halisi. Haki zote nawapa wao, za lugha zote na njia zote, filamu ikiwemo, kwa muda wote wa hakimiliki. Wanataka jibu kufikia tarehe 30.

Baba watoto anasema nitie sahihi, kitabu kikiingia shuleni tumetoka kwenye shida. Mwenzangu mmoja tunayeandika naye kikundini anasema wahariri wa Nairobi hawakipendi Kiswahili cha Pwani, niuchukue mswada wangu niuuze sehemu kwa sehemu kwa watu wanaonipenda. Nikikubali, naona nitakuwa nimemuuza bibi yangu. Nikikataa, huenda nisipate mlango mwingine nikafa nikiwa mwandishi wa simu. Nifanyeje?

Mwenye Mswada, Mombasa

*

Mwanangu Mwenye Mswada,

Hongera kwanza. Naona katika barua yako kigelegele kilikatika njiani, na hakuna aliyekuja kukimalizia. Nilifanya kazi ya kusoma miswada kwa miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua hizi, kwa hivyo jambo moja nalijua kutoka ndani. Mswada usiotakikana haurudi na maandishi kila ukurasa. Hurudi na mistari mitatu ya shukrani, au haurudi. Yule mama usiyemjua alikaa na Zuhura siku nyingi, pengine nyumbani kwake, usiku kama wewe. Hilo halimfanyi awe sahihi. Ila ukimjibu, utakuwa unamjibu mtu aliyesoma.

Nikikusikia vizuri, unaniambia kuna mlango mmoja, na ili uupite yakupasa umnyamazishe bibi yako, umwoze Zuhura, na uache haki zako kizingitini. Mambo haya yalikufikia katika barua pepe moja, nawe umeyapokea kama jambo moja. Mimi nayaona matatu, na kila moja limetoka mahali pake. Maoni juu ya uandishi yametoka kwa mhariri. Hofu ya shule imetoka kwa idara ya mauzo, ingawa imeandikwa kwa kalamu ya mhariri. Mkataba umetoka kwa mwanasheria wao, na aghalabu ni karatasi ileile wanayompa kila mwandishi mpya, kwa kuwa wengi hutia sahihi bila kuuliza. Unaweza kukubali la kwanza nusu, ukakataa la pili, ukajadiliana juu ya la tatu. Hakuna sheria inayosema ujibu yote kwa neno moja.

Nianze na lile neno lililokukaa kooni. Lilikuwa neno kali, na mhariri mwenye adabu angelisema vingine. Lakini hebu rudi sura ya sita uisome ukiwa umeliweka kando. Hadithi ya mfululizo ina ufundi wake, na si ufundi mdogo. Msomaji wako wa Jumatano amengoja tangu Jumamosi, amepika, amefua, amesahau. Lazima umkumbushe Zuhura ni nani na alifikia wapi, na lazima umwache na swali, la sivyo mwezi ujao halipi. Msomaji wa kitabu hakungoja. Amefunua ukurasa tu. Ukimkumbusha kila sura lililotokea sura iliyopita, ataona unamdhania hana akili. Ukifunga kila sura kwa mlango unaogongwa au simu inayolia, kufikia sura ya tano hashtuki tena. Je, ndicho alichokiona mhariri? Sijui, sina mswada. Wewe unao. Ukikuta kwamba sura sita kati ya nane zinaisha kwa kishindo, basi aliona kitu cha kweli akakisema vibaya, na shahada haikuhusika. Usipokuta kitu, mwandikie umuulize alikusudia nini. Kuuliza si kupinga. Mhariri huandika "ondoa hiki" kwa sababu ni haraka kuliko kuandika "hapa nilichoka, nikaanza kutazama saa". Hilo la pili ndilo unalolihitaji, na mara nyingi ukimwomba atakupa.

Halafu unajihukumu kwa kidato cha nne. Sitakaa sana hapo. Aliyesoma mswada hakukuomba cheti, na sura zako nne ndizo zilizomfanya aandike.

Sasa bibi. Hapa naomba twende polepole, kwa sababu naona mambo mawili yamelala kitanda kimoja: kuna bibi wa Zuhura, na kuna bibi yako. Umeniambia ulilia ulipoziandika sura hizo, na kwamba ulikuwa ukimsikia. Naamini. Lakini msomaji hakumjua marehemu. Analo lile tu lililomo ukurasani. Inawezekana kabisa kwamba sura zote nne zinamhitaji, na inawezekana pia kwamba mbili kati ya hizo uliziandika ili ukae naye kidogo zaidi. Ukikata sura kitabuni hujamkata mtu. Kurasa zile ni zako, zitunze, huenda zikawa kitabu chake mwenyewe. Chinua Achebe wa Nigeria riwaya yake ya kwanza, *Things Fall Apart*, aliiandika katika sehemu tatu, vizazi vitatu. Mwaka 1956 akiwa London kwa mafunzo ya BBC alimwonyesha mwandishi wa riwaya Gilbert Phelps, naye aliipenda akataka kuipeleka kwa wachapishaji. Achebe akamwomba asubiri. Alirudi nayo Nigeria, akaondoa sehemu ya pili na ya tatu, akabaki na ile ya Okonkwo, wa kizazi cha kwanza, peke yake. Ilichapwa 1958, na baadaye tukaja kuisoma kwa Kiswahili. Miaka miwili baada ya kuchapwa alitoa riwaya nyingine, ya mjukuu wa Okonkwo. Lakini angalia aliyekata ni nani, na kwamba hakukata akiwa ameshikiwa tarehe.

Kwa hivyo swali langu si kama sura nne ziwe moja. Ni hili: kama ungelazimika kuchagua usiku mmoja tu wa maisha ya huyo bibi ambao bila huo hatutaelewa kwa nini hamuulizi Zuhura, ungechagua upi? Ukiujua usiku huo, utajua ni kurasa ngapi zinatosha. Huenda zikawa 20, huenda zikawa 60. Mhariri anahesabu sura kwa sababu hajui unachokijua wewe.

Kimvita ni jambo tofauti, na hapa sikubaliani na mhariri wako kirahisi. Mwenzako amekwambia Nairobi haikipendi Kiswahili cha Pwani. Ni maneno matamu kuyasikia mtu akiwa na hasira, ila historia haiyaungi mkono moja kwa moja. Diwani ya Abdilatif Abdalla, *Sauti ya Dhiki*, iliyochapwa 1973, imejaa Kimvita, na mwaka uliofuata ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Said Ahmed Mohamed wa Pemba hakuvua lugha ya visiwani alipoandika, na riwaya yake *Utengano* ilitahiniwa katika shule za Kenya. Mhariri anaweza kukujibu kwamba ushairi una ruhusa zake, na kwamba mtoto wa Lodwar ana haki ya kuelewa anachosoma. Hana kosa hapo. Ila "ndia ya mwongo ni fupi" haimhitaji mtu awe amezaliwa Kibokoni. Anayejua methali atajua, na asiyejua ataijua kutokana na sentensi. Lakini mazungumzo ya kurasa tatu ya Kimvita kitupu kati ya bibi wawili huenda yakamtupa hata msomaji wa Tanga. Kati ya hayo mawili pana nafasi kubwa. Wapo waandishi wanaomwachia mhusika maneno yake machache yasiyobadilika, na mdundo wa sentensi zake, wakayalegeza mengine. Wapo wanaokataa kulegeza hata neno, wakakubali wasomaji wachache. Faharasa mwishoni husaidia kidogo, ingawa mimi binafsi sijaona mtu akisoma riwaya huku anafunua nyuma. Jaribu ukurasa mmoja kwa njia mbili. Usome kwa sauti mbele ya mtu asiye wa Mombasa, umtazame uso, usimuulize kitu.

Tukija kwenye mimba na ndoa, hapo ndipo penye hofu ya shule. Hofu hiyo ina hesabu ndani yake, na kukuficha hesabu kungekuwa kukudanganya. Nchini kwetu riwaya ya Kiswahili inayouzwa madukani peke yake huenda polepole sana. Wachapishaji wengi huishi kwa vitabu vya shule. Watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, hupita laki nane kwa mwaka, na karibu wote hufanya Kiswahili. Riwaya ikiteuliwa, mwandishi na mchapishaji wake hupumua. Lakini kwa wakati mmoja hutahiniwa riwaya moja tu, na hukaa miaka kadhaa kabla ya kubadilishwa. Nyingine zote zilizoandikwa kwa matumaini hayo hubaki ghalani. Tena mfumo wa elimu wa 8-4-4 unafika mwisho, KCSE yake ya mwisho ni ya 2027, na sekondari ya juu ya mtaala mpya ina utaratibu wake. Anayekwambia leo taasisi ya mitaala itapitisha nini au haitapitisha nini anakisia. Huenda anakisia vizuri, ndiyo kazi yake, ila hana hakika.

Na makisio ya namna hii yamewahi kwenda pande zote mbili. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka 1971 ilizuiwa kwa muda katika shule za Tanzania kwa sababu ya mambo iliyoyasema wazi juu ya msichana. *Utengano* niliyoitaja ina Maimuna, binti anayetoka kwao akaangukia ulevi na ukahaba, nayo watoto wetu waliisoma darasani. Sisemi Zuhura atapita. Nasema tu usiandike kwamba amenajisiwa ili mtu fulani ofisini asikasirike. Jambo hilo huwapata wasichana wetu kweli huko walikokwenda, na kama ndilo lililompata, kitabu kitakuwa kimelibeba tangu mwanzo na wewe ungeniandikia. Likiwekwa ili kumsafisha tu, msomaji wa kwanza aliyewahi kupitia hilo atalinusa.

Hata hivyo nikuulize nawe kidogo. Umesema baba wa mtoto hatajwi na kwamba ulikusudia. Je, wewe mwenyewe unamjua? Kuna kunyamaza kwa mwandishi anayejua akaamua kutosema, na kuna kunyamaza kwa mwandishi ambaye hajaamua. Kwa nje hufanana. Mhariri anapodai "eleza", wakati mwingine hataki maelezo yaandikwe, anataka ahisi kwamba yapo. Ukishaamua kichwani, bila kuandika hata jina, vitendo vya Zuhura hubadilika vyenyewe: barabara anayoikwepa, simu asiyoipokea, kitambaa asichokitupa.

Mkataba sasa, na hapa nitakuwa mkavu. Chukua kitabu cha shilingi 600. Asilimia 10 ya bei ya jalada ingekuwa shilingi 60 kwa nakala. Wewe umepewa asilimia 10 ya mapato halisi, yaani ya kile kinachobaki mkononi mwa mchapishaji baada ya duka kukatiwa fungu lake. Duka likipewa punguzo la asilimia 35, hubaki 390, nawe unapata 39. Nakala 1,000 zikiisha zote ni shilingi 39,000 kabla ya kodi, na zinaweza kuchukua mwaka au zaidi kuisha. WhatsApp inakupa kiasi hicho kwa miezi mitatu mizuri na kitu. Mweleze baba watoto hesabu hii kwa upole, maana naona ameshajenga nyumba juu ya shule ambayo haijateua kitabu. Hakosei kutaka nafuu. Ila ajue ni nafuu ipi iliyo mezani.

Kipengele cha haki zote, lugha zote, njia zote na muda wote ndicho ningekisoma mara nyingi kuliko vingine. Hakimiliki yako Kenya hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kumpa mtu muda wote huo ni kumpa hata wajukuu zako. Ni kawaida, wala si utovu wa adabu, mwandishi kuomba apeane haki ya kuchapa kitabu kwa Kiswahili tu, kwa miaka kadhaa, na haki za filamu na tafsiri zibaki kwake au zigawanywe. Ni kawaida kuomba kwamba kitabu kikikosekana madukani kwa muda fulani haki zirudi. Omba taarifa ya mauzo iandikwe lini na lini. Na omba, hili wengi husahau, mkataba useme nani ana neno la mwisho juu ya maandishi. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inataka uhamishaji wa hakimiliki uwe kwa maandishi, na inampa mwandishi haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa kiasi cha kumvunjia heshima. Lakini kwenda kudai hilo mahakamani ni ghali kuliko kuweka sentensi moja kabla ya sahihi. Wanaweza kukataa yote hayo. Wanaweza pia kukubali mawili bila hata kuinua macho, na hutajua mpaka uulize. Wakili anayejua mambo haya akikusomea kurasa tisa kwa saa moja, gharama hiyo haitakuuma.

Sasa milango mingine, kwa kuwa umesema huenda usipate. Wa mwenzako upo: unaweza kuituma riwaya kikundini sehemu kwa sehemu. Utapata pesa mara moja na sifa kila Jumatano. Hatari yake ni kwamba wiki ya tatu itakuwa imeshatumwa kwenye vikundi usivyovijua, bila jina lako pengine, na wachapishaji na waandaaji wa tuzo wengi hutaka kazi ambayo haijasambazwa. Pia jiulize kama Zuhura, aliye kimya hivyo, atavumilia kukatwakatwa kwa vishindo vya siku mbili kwa wiki. Wapo wanaojichapia. Hapo kila shilingi ni yako na kila kazi ni yako: kumlipa mhariri wako mwenyewe (utamhitaji, usijidanganye), msanifu wa jalada, nambari ya kukitambulisha kitabu (ISBN), kiwanda, kisha kuzunguka na katoni madukani ukiacha vitabu kwa mkopo. Wewe una jambo ambalo wengi wanaojichapia hawana, watu zaidi ya mia waliokwisha zoea kukulipa. Hilo lina uzito. Iko pia tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo imekuwa ikipokea hata miswada isiyochapwa. Wanaoshindana ni wengi na kungoja ni kurefu. Na wako wachapishaji wengine. Mmoja amekwisha kusema kazi yako inachapika. Hilo halifutiki ukiagana naye vizuri.

Unaweza pia kubaki naye huyuhuyu. Kama mimi ni huyo mhariri, barua ambayo ingenifurahisha kuipokea ni ile inayosema: haya nimeyakubali, tazama nilivyoyafanya, haya sikuyaelewa, nifafanulie, haya matatu siwezi, na sababu ni hizi. Barua ambayo ingenitia wasiwasi ni "sawa, nitabadilisha kila kitu". Mwandishi wa namna hiyo, kitabu cha pili itanibidi nimwandikie mimi mhariri. Na wewe unataka kitabu cha pili, na cha tatu, sivyo? Umesema hutaki kufa ukiwa mwandishi wa simu. Basi fikiria zaidi ya hiki kimoja: je, huyu mama, kwa ukali wake wote, ni mtu ambaye ungependa asome kazi yako kwa miaka kumi? Hilo hulijui bado kwa sababu hamjazungumza. Mpigie simu. Sauti ya mtu husema mengi ambayo pambizo haisemi. Ukimsikia anazungumza juu ya Zuhura kama mtu anayemjua, utajua una mwenzako. Ukimsikia anazungumza juu ya shule tu, nalo utakuwa umelijua.

Na mimi nina swali langu la msomaji, si la mshauri. Zuhura akirudi Arabuni, mtoto anabaki na nani? Umeniambia juu ya ndege, hukuniambia juu ya mtoto. Kama bibi bado yu hai na ndiye anayebaki naye, basi labda zile sura nne zina kazi ambayo mhariri hajaiona, maana tutakuwa tunamwacha mtoto mikononi mwa mtu tunayemjua vizuri. Kama amekufa, sijui, labda mhariri alihisi pengo hapo akadhani dawa yake ni duka la biashara. Mweleze, umsikie atasema nini.

Tarehe 30 ni yao. Kuomba wiki tatu zaidi huchukua barua ya mistari minne, na mchapishaji aliyekuweka miezi kimya hana uso wa kukunyima. Iandike leo kabla ya kulala, kisha ufungue sura ya sita.